Kujaribu Gari Kabla ya Kulinunua: Neno Moja, Matendo Manne

Neno kujaribu ni miongoni mwa maneno yanayotumikishwa kupita kiasi katika fasiri za biashara. Mtu hujaribu nguo dukani, hujaribu bahati yake, hujaribu kufungua mlango uliokwama. Na anapotaka kununua gari, huomba kulijaribu. Kwa nguo na kwa mlango neno hilo latosha. Kwa gari halitoshi, na hasa kwa gari lenye nguvu nyingi na bei kubwa, kwani mnunuzi na muuzaji wanaweza kulitamka neno hilo moja ilhali kila mmoja akusudia tendo jingine. Mmoja huomba, mwenziwe hukataa, na wote wawili huondoka wakiamini kwamba wamezungumzia jambo lile lile.

Makala haya yanaeleza kwa nini wauzaji wa magari ya namna hiyo husita kuwaachia wateja usukani. Kisha yataonyesha kwamba katika kusita huko yamo matendo manne, ambayo kila moja lastahili istilahi yake. Jambo hili si la wapenda magari peke yao. Mfasiri anayeandika fomu ya duka la magari, au karani anayefasiri sheria ya mauzo, aweza kwa neno moja kumpunguzia mnunuzi haki yake bila ya mnunuzi huyo kujua.

1. Jina la gari lenyewe

Magari tunayoyazungumzia ni yale yanayoruhusiwa kutumia barabara za umma, lakini yamepewa injini, breki na matairi yanayokaribia yale ya mashindano. Porsche 911, Chevrolet Corvette na BMW M3 ni mifano inayojulikana. Kuyaita magari ya mashindano ni kosa, kwa kuwa gari la mashindano halisi huundwa kwa ajili ya uwanja wa mbio na mara nyingi haliruhusiwi barabarani. Kuyaita magari ya michezo ni kufasiri neno kwa neno, na msomaji aweza kudhani kwamba ni vitu vya kuchezea watoto. Magari ya mwendokasi lingekuwa jina zuri, lakini tangu mwaka 2016 wakazi wa Dar es Salaam wamekwisha kulitwaa kwa mabasi yanayopita katika njia zake maalumu, wala haifai kuwanyang'anya. Katika makala haya tutatumia gari la kasi, kwa maana ya gari la barabarani lililoundwa ili liondoke upesi, lipinde kona kwa uthabiti na lisimame kwa muda mfupi kuliko magari ya kawaida.

2. Kwa nini wauzaji husita

Katika Marekani na nchi za Ulaya, anayetaka gari la kawaida la familia hupewa ufunguo bila ya shida kubwa, baada ya kuonyesha leseni yake. Mambo hubadilika anapoelekeza kidole kwenye gari la kasi, hasa likiwa jipya na adimu. Sababu za kusita ni kadhaa, wala hazilingani uzito.

Ya kwanza ni ya kifundi. Injini mpya huhitaji kuzoezwa: vipande vyake vinavyosuguana havina budi kukaa sawa kabla ya kubebeshwa mzigo wote. Kwa magari ya BMW ya daraja la M, mwenye gari huagizwa asiizungushe injini hadi ukomo wake katika kilomita 2,000 za mwanzo, na baada ya masafa hayo mafuta hubadilishwa. Muuzaji akiwaruhusu watu kumi wakanyage mafuta hadi chini wakati injini ingali baridi, mtu wa kumi na moja, ambaye ndiye atakayelipa, atakuwa amenunua injini iliyokwisha kukiukwa masharti. Yapasa tukiri kwamba hapa muuzaji anayekataa humlinda mnunuzi.

Ya pili ni ya bei. Mnunuzi wa gari adimu hutaka kuona masafa machache mno kwenye mita. Kila kilomita inayoongezeka humpunguzia muuzaji hoja ya kuliita gari hilo jipya.

Ya tatu ni ustadi wa dereva. Dodge Viper, lililoanza kuuzwa mwaka 1992 likiwa na nguvu-farasi 400, halikuwa na breki zinazozuia magurudumu kujifunga, wala chombo cha kuzuia matairi ya nyuma kuteleza. Breki hizo zilikuja katika magari ya mwaka 2001, na mfumo wa umeme wa kulituliza gari ukaja katika yale ya mwaka 2013. Dereva aliyezoea gari la kawaida angeweza kulipoteza gari kama hilo kwenye kona ya kwanza yenye unyevu, pasipo kukusudia ujeuri wowote. Mifumo ya siku hizi imepunguza hatari hiyo, lakini nguvu nazo zimeongezeka, na matairi yenye mpira wa mashindano hayashiki vema yakiwa baridi.

Ya nne ni bima. Mwenye bima huweza kuweka masharti juu ya umri wa dereva na leseni yake, na muuzaji asiyeyatimiza hujikuta akilipa hasara yote mwenyewe.

Ya tano ni wale waendao dukani wakitafuta starehe ya alasiri moja, bila ya nia wala uwezo wa kununua. Hao wapo, na kila muuzaji huwajua. Lakini sababu hii ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote: mtu huhukumiwa kwa mavazi yake au umri wake, au huambiwa alipe kwanza ndipo aguse usukani. Hapo mnunuzi huwa ametakiwa anunue mbuzi kwenye gunia.

3. Matendo manne yaliyomo katika neno moja

Tukizitazama sababu hizo kwa makini, tutaona kwamba muuzaji hakatai kila kitu. Hukataa tendo fulani, na angeweza kukubali jingine. Tuyatenganishe.

Tendo la kwanza ni kuonja. Mnunuzi huketi kwenye kiti, hushika usukani, huenda mwendo wa kawaida, akapata kujua kama gari lamfaa: kama aona vizuri nyuma, kama klachi si nzito, kama mgongo hautauma. Kwa tendo hili twapendekeza safari ya kionjo. Neno kionjo limo katika lugha, na mzizi wake hueleweka na kila aliyewahi kuonja asali kwa ncha ya kidole kabla ya kununua chupa nzima. Anayeonja hajashiba, wala hajathibitisha kwamba asali yote ni safi.

Tendo la pili ni kukagua. Hapa mnunuzi, au fundi wake, hutafuta kasoro: hulisikiliza gari kwenye mashimo, hutazama chini kama mafuta yavuja, huchunguza kama chasisi imewahi kunyooshwa. Gari huweza kukaguliwa likiwa limesimama, na huweza kukaguliwa likitembea. Huu ni ukaguzi, na unapofanywa barabarani ni ukaguzi wa mwendo.

Tendo la tatu ni kupima. Mnunuzi hutaka kuthibitisha madai ya mtengenezaji: gari latoka kwenye kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde ngapi, na kutoka mwendo huo lasimama katika mita ngapi. Hiki ni kipimo cha uwezo, na ndicho hasa wauzaji wanachokikataa. Hakina mahali pake katika barabara ya umma. Watengenezaji wengine wamekiwekea viwanja: Porsche wanavyo vituo vya aina hiyo Leipzig huko Ujerumani, Silverstone huko Uingereza, na Atlanta huko Marekani tangu mwaka 2015. Humo mteja hukanyaga mafuta apendavyo, mkufunzi akiwa pamoja naye, katika gari ambalo si lile atakalolinunua.

Tofauti ya kionjo na kipimo yaonekana wazi katika gari la Dodge Challenger SRT Hellcat la mwaka 2015. Liliuzwa na funguo za rangi mbili. Ufunguo mwekundu huachia nguvu-farasi zote 707, na ule mweusi hulizuia lisizidi 500. Aliyeliendesha kwa ufunguo mweusi amelionja, lakini hajalipima, wala asiambiwe kwamba amelipima.

Tendo la nne ni kukaa na gari kwa muda uliokubaliwa ndipo mtu aamue. Wengine huliita majaribio ya siku tatu, au ya wiki. Hapa lugha yetu ina hazina ya zamani. Neno hiari asili yake ni Kiarabu, na katika fikihi ya mauzo, ambayo watu wa pwani wameifahamu kwa karne nyingi, hutaja haki ya mnunuzi ya kuuthibitisha au kuuvunja mkataba katika muda walioafikiana, au baada ya kukiona kitu, au akigundua aibu ndani yake. Twapendekeza ununuzi kwa hiari. Fedha inayotangulizwa ili kuonyesha nia nayo ina jina lake, arubuni, wala hakuna haja ya kubuni jingine.

4. Pale neno linapogharimu

Msomaji aweza kuuliza: je, si kupoteza wakati kugawanya neno ambalo watu wamelizoea? Jibu limo katika sheria. Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na za Kenya zilitokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Katika sheria hiyo, bidhaa iliyonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo haina budi kuwa na ubora unaofaa kuuzwa. Lakini sharti hilo lina mpaka: ikiwa mnunuzi ameikagua bidhaa, hawezi kulitegemea kwa kasoro ambazo ukaguzi wa namna hiyo ulipaswa kuzifichua. Uingereza yenyewe iliiandika upya sheria hiyo mwaka 1979, na mwaka 2015 ikatunga sheria ya pekee kwa ajili ya walaji, lakini mpaka huo umebaki.

Sasa tuchukue fomu isemayo: "Nimelikagua na kulijaribu gari hili, nami nimeridhika nalo." Aliyetia sahihi alipewa dakika kumi mjini, muuzaji akiwa kando yake, akikatazwa kuvuka kilomita 60 kwa saa. Alionja tu. Baada ya mwezi mmoja giaboksi yaanza kulia katika mwendo mkubwa. Fomu yasema alikagua, na neno hilo sasa laweza kusimama mbele ya hakimu dhidi yake. Mfasiri mwangalifu angeandika: "Nimeliendesha gari hili katika safari ya kionjo kwa dakika 10, katika njia iliyochaguliwa na muuzaji. Sikulifanyia ukaguzi." Sentensi hiyo haimwonei muuzaji, nayo haimdanganyi mnunuzi.

Hatari ya pili ni katika majaribio ya siku tatu. Kwa mujibu wa sheria zile zile, anayepokea bidhaa kwa ununuzi wa hiari, akakaa nayo kupita muda uliowekwa bila ya kutoa taarifa ya kuikataa, huhesabiwa kuwa ameinunua. Kunyamaza kwake ni kukubali. Aliyekwenda safari ya kionjo hawezi kufungwa na kimya chake. Fomu inayoyaita matendo yote mawili majaribio humwacha mteja asijue yumo katika lipi, na katika gari la bei ya nyumba, kutojua huko ni ghali.

Suala hili limezidi uzito nchini Tanzania tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Neno la mfasiri silo tena msaada wa kumwelewesha mteja matini ya Kiingereza. Laweza kuwa ndilo litakalohukumiwa.

5. Mnunuzi aliye mbali

Wanunuzi wengi wa Afrika ya Mashariki huagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, na miongoni mwake yamo magari ya kasi. Kwao swali la kunyimwa usukani halitokei, kwani gari liko ng'ambo ya bahari. Hata anayenunua katika minada ya huko haliendeshi barabarani kabla ya kutoa bei. Hutegemea karatasi inayoonyesha daraja la gari kwa tarakimu, na mara nyingine herufi R kwa gari lililopata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo yafaa iitwe hati ya ukaguzi. Si hati ya majaribio, maana ni matokeo ya kukaguliwa, wala haimwambii mnunuzi gari litakuwaje mikononi mwake. Mwenye hati hiyo ana ukaguzi wa mtu mwingine pasipo kionjo chake mwenyewe, kinyume cha yule wa dukani aliyeonja bila ya kukagua.

6. Mapendekezo

Twapendekeza istilahi zifuatazo:

Gari la kasi: gari la barabarani lililoundwa kwa uwezo wa juu wa kuondoka, kupinda na kusimama.

Safari ya kionjo: mwendo mfupi wa kumjulisha mnunuzi tabia ya gari, usiohesabiwa kuwa ukaguzi.

Gari la kionjo: gari lililotengwa na muuzaji kwa safari hizo. Lisiitwe gari la sampuli, kwa kuwa mauzo kwa sampuli yana maana yake katika sheria.

Ukaguzi wa mwendo: uchunguzi wa kasoro, gari likiendeshwa barabarani.

Kipimo cha uwezo: uthibitishaji wa kasi na breki, ufanywao kiwanjani.

Ununuzi kwa hiari: kupokea gari kwa muda maalumu, pamoja na haki ya kulirudisha kabla ya muda huo kwisha.

Neno kujaribu litabaki katika mazungumzo, nalo halina kosa hapo. Katika fomu, mkataba na sheria, tulizoee swali moja kabla ya kuliandika: mtu huyu ameruhusiwa kuonja, kukagua, kupima, au kukaa na gari? Muuzaji akiulizwa hivyo, huenda naye akagundua kwamba alichokuwa akikikataa ni kimoja tu kati ya vinne. Wasomaji wanaojua maneno mengine yatumikayo gereji, yadi za magari na bandarini waombwa kuyaleta, ili yalinganishwe na haya kabla hayajasanifiwa.