Daftari jeupe, sare ina udongo: Mtoto wa awali anajifunza nini?

"Mbona daftari la mtoto halina kitu?" Ni swali ambalo walimu wa darasa la awali hulisikia sana kila mwaka shule zikifunguliwa, na Moshi nako si tofauti. Mtoto anarudi nyumbani sare imejaa udongo, mfukoni ana vizibo vya soda, na akiulizwa kasoma nini anajibu: "Tumecheza."

Jibu hilo huwatia hofu wazazi. Wapo wanaombana mwalimu awaandikishe watoto a, e, i, o, u kurasa nzima. Wengine hujibana kulipia shule binafsi, ilimradi mtoto wa miaka mitano aonekane na kazi ya nyumbani.

Ila mchezo huo ndio somo lenyewe.

Mtaala unasemaje?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Tangu 2016, shule za serikali hazitozi ada kwa darasa hilo. Mtaala ulioboreshwa wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ulianza kutumika Januari 2024, nao unasisitiza mtoto ajifunze kwa vitendo na michezo.

Kuhesabu si kuimba namba

Mtoto anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kukosea. Mwambie akupe punje tano za kahawa, anakukabidhi konzi nzima. Kwake, namba bado ni wimbo.

Akipanga kizibo kimoja juu ya kila jani, anaanza kuona kuwa tano ni idadi, na inabaki tano hata vizibo vikitawanywa.

Kiswahili nacho kinambeba. "Kumi na moja" inamwonesha wazi kuwa kuna kumi, halafu moja ya ziada. Kiingereza kinasema "eleven", na hiyo kumi haionekani.

Kulinganisha je? Mawingu yakifunguka, mlima uko pale pale. Kibo ina mita 5,895 na Mawenzi mita 5,149, lakini mtoto hahitaji takwimu hizo. Anatazama, anasema kipi kirefu, kipi kifupi.

Udongo unaandaa penseli

Kufinyanga, kuchambua maharage na kusokota nyuzi za mgomba huimarisha misuli ya vidole. Mtoto anayelazimishwa kuandika kabla vidole havijawa tayari huikamata penseli kwa ngumi, huchoka haraka, na anaweza kuichukia shule mapema.

Hadithi za bibi kihambani nazo ni masomo, hata zikisimuliwa kwa Kimachame, Kivunjo au Kirombo. Mtoto anajifunza kusikiliza, kukumbuka mfuatano wa matukio na kuuliza maswali. Akienda darasani anaendelea kuvitumia kwa Kiswahili.

Tatizo liko wapi?

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Madarasa mengi ya umma nchini yanazidi hapo. Watoto wakiwa 70, kona za michezo zinageuka msongamano, na mwalimu anarudi ubaoni: yeye anasema, wao wanaitikia. Watoto wakimya wanapotelea humo humo.

Ndiyo maana msaada wa mzazi una uzito, na mwingi hauhitaji hela. Vizibo, magunzi, maboksi na vibuyu vinatosha kujaza kona nzima. Mbegu ndogo zinahitaji mtu mzima karibu, kwa sababu watoto huziingiza puani na masikioni.

Mzazi aulize nini?

Badala ya "umeandika nini?", afadhali kuuliza "leo mmehesabu nini?" au "umecheza na nani?" Mtoto anayeeleza mchezo wake mwanzo hadi mwisho anajenga lugha atakayoitumia kusoma darasa la kwanza.

Daftari jeupe peke yake si dalili mbaya. Zipo dalili nyingine zinazofaa kumpeleka mzazi kwa mwalimu, na ikibidi hospitalini. Mtoto asiyeitika akiitwa kwa nyuma huenda hasikii vizuri. Anayesogelea sana picha ili aione huenda ana tatizo la macho. Darasa lenye watoto wengi ni rahisi kumwita mtoto huyo mtundu au mzito, na akaingia darasa la kwanza bila mtu kujua kinachomsumbua.