Kabla ya Karo, Uliza Nani Anatahini

Mzazi akifika katika ofisi ya usajili ya chuo cha ufundi, huuliza karo, kisha malazi. Swali ambalo lingemfaa zaidi mara nyingi halitoki: mwanangu akimaliza, nani atamtahini, na cheti hicho kitatambuliwa wapi?

Chukua kozi ya umeme. Nyumba mpya pale Runyenjes haiunganishwi na Kenya Power mpaka fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, atie sahihi kwamba nyaya zimewekwa sawasawa. Leseni hizo zina madaraja, C2 ikiwa ya chini na A1 ya juu, na mwombaji hutakiwa kuonyesha vyeti vinavyotambuliwa. Kijana aliyepewa karatasi yenye muhuri wa mwenye chuo tu atachimba kuta na kubeba ngazi, kisha aitwe mwingine aje kutia sahihi na kulipwa. Sola vivyo hivyo: mafundi wake wana leseni za T1, T2 na T3, na kule Mbeere, jua likiwaka na nyaya za stima zikiwa mbali na boma nyingi, kazi hiyo si ya kudharau.

Mitaala mipya ya umilisi hutahiniwa na TVET CDACC, baraza la mitaala na tathmini ya vyuo vya ufundi; ile ya zamani, inayoondolewa polepole, hutahiniwa na baraza la mitihani, KNEC; na majaribio ya ufundi ya gredi ni ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Nacho chuo sharti kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Hapa ndipo wengi hunaswa: idhini hutolewa kwa chuo na pia kwa kozi. Chuo chaweza kuwa halali kwa ushonaji na kisiwe na ruhusa ya kufundisha umeme. Cheti kilichotundikwa ukutani kisomwe mpaka mstari wa mwisho.

Alama zisimtishe mtu. Diploma, yaani kiwango cha 6, huhitaji C- ya KCSE. Kiwango cha 5 huhitaji D. Cha 4 humpokea hata mwenye E. Anayeanzia chini hupanda. Ukikosa nafasi katika Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Meru, kilichopandishwa hadhi mwaka 2016, kuna Nkabune na Kiirua, na kuna vyuo vya mashinani ambavyo katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti. Hivi vya mwisho hudharauliwa bure.

Kuhusu pesa, niseme jambo moja. Kabla ya mfumo wa ufadhili wa 2023, karo ya vyuo vya umma ilikuwa Sh56,420 kwa mwaka na serikali ikilipa Sh30,000 kati ya hizo. Siku hizi barua ya KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, ni ya nafasi tu; ufadhili na mkopo huombwa kivyake. Familia hupokea barua, ikashukuru Mungu, ikatulia, na muda wa maombi ukapita.

Turudi kwenye mtihani wenyewe, tuseme wa umeme. Mtahiniwa hupewa ubao, swichi mbili na balbu moja, atengeneze taa ya ngazini inayowashwa chini na kuzimwa juu. Mtahini hutazama anavyovua ganda la waya bila kuikwaruza shaba ya ndani, na kama anapima kwa mita kabla ya kuwasha. Akishindwa, huandikiwa kwamba hajafikia umilisi katika kitengo hicho, naye hukirudia hicho. Michoro, picha na sahihi za kazi zake hukusanywa katika faili ya ushahidi. Omba kuonyeshwa faili ya mwanafunzi wa mwaka uliotangulia. Kisha ingia karakana siku ya kawaida, si siku ya maonyesho, uhesabu ni wanafunzi wangapi wanaongojea mashine moja ya kukereza vyuma. Wakiwa ishirini, kumi na tisa wanajifunza kutazama.

Na fundi wa magari wa Makutano ambaye hakuwahi kuketi darasani? Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini ilizinduliwa mwaka 2024. Atafute chuo kilichoidhinishwa kuwa kituo cha tathmini hiyo, aende na ushahidi wa magari aliyoyatengeneza, apimwe kwa kazi anayoijua, apewe cheti cha kiwango anachostahili bila kuanza upya na vijana wa miaka 18.