KIJIJI CHA NICODEMUS: JUU YA NINI KIJIJI CHA WALIMAJI KINAISHI AO KINAKUFA



Wengi kati yetu tukisikia jina la Marekani tunafikiri mara moja manyumba marefu na mituka mingi. Lakini katikati ya inchi ile kuko mbuga kubwa sana ya majani, bila miti, pahali upepo unapiga mwaka muzima. Ni inchi ya walimaji wa ngano. Leo tueleze kijiji kimoja tu cha mbuga ile, jina lake Nicodemus, katika jimbo la Kansas. Kilijengwa na watu weusi waliotoka katika utumwa, na historia yake inafundisha mambo ambayo kila mulimaji anapaswa kujua.

1. Watu na udongo

Utumwa uliisha katika Marekani mwaka 1865. Watu weusi wa jimbo la Kentucky walipata uhuru, lakini mashamba yalibaki katika mikono ya mabwana wa zamani. Basi, mutu huru bila shamba anafanya nini? Anarudi kumulimia bwana yule yule. Lakini kulikuwa sheria ya mwaka 1862 iliyosema: mutu akikaa miaka 5 juu ya udongo wa serikali na kuulima, udongo ule unakuwa wake. Kipimo kilikuwa karibu hekta 65.

Mwaka 1877 watu weusi wachache pamoja na muzungu mumoja walifanya kompani ya kujenga kijiji, wakaita watu. Mwezi wa 9 karibu watu 300 kutoka Kentucky walishuka kwa treni ku Ellis, halafu wakafanya safari ya zaidi ya kilometa 50 kuvuka mbuga. Juu ya jina la kijiji, wengine wanafikiri Nikodemo wa Yohana sura ya 3. Wengine wanasema ni jina la mutumwa mumoja wa hadisi za zamani aliyejinunulia uhuru wake.

2. Nyumba, moto na chakula

Hakuna miti, basi hakuna mbao na hakuna kuni. Watu walichimba mashimo kando ya vilima, wakafunika juu na majani na udongo, wakalala mule. Willianna Hickman, bibi ya pasta mumoja, alifika mwaka 1878. Walimwonyesha kijiji kwa mukono, naye aliona moshi tu unatoka chini ya udongo. Alianza kulia. Watu wengine walikata tamaa na kurudi.

Wale waliobaki walipika na mavi makavu ya ngombe. Wachache tu walikuwa na farasi, kwa hiyo wengi walivunja udongo na jembe la mukono. Wanaume walikwenda mbali kutafuta kazi ya mushahara, wanawake na watoto wakabaki wakichunga shamba. Inasimuliwa vilevile kwamba katika baridi ya kwanza wenyeji wa asili wa inchi ile, kabila la Osage, waliwagawia nyama. Bila nyama ile wengi wangekufa na njaa.

Lakini polepole mambo yalinyooka. Kisha miaka 10 kijiji kilikuwa na makanisa, masomo, maduka, hoteli, banki, na hata magazeti mawili. Edward McCabe, mutu mweusi aliyekuja kukaa kule mwaka 1878, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mukaguzi wa feza za jimbo lote la Kansas.

3. Njia ya treni

Hapa njo fundisho lenyewe. Ngano ni muzigo mukubwa wenye bei ndogo. Gunia moja halina faida. Mulimaji anapaswa kuuza mengi, na kuyafikisha mbali, ku miji mikubwa. Gari la farasi linaweza kwenda na kurudi muchana mumoja kama njia ni fupi. Zaidi ya pale, chakula cha farasi na siku zinazopotea zinakula faida yote. Njo maana katika mbuga kila kijiji kilitaka gare yake.

Watu wa Nicodemus walijua vile. Mwaka 1887 walipiga kura kukubali deni la dolari 16000 ili kampani moja ya reli ipitishe njia kwao. Haikufika. Mwaka 1888 kampani ingine ilipitisha reli upande wa kusini, ngambo ya muto Solomon, kilometa chache tu kutoka kijiji. Pale kukazaliwa kijiji kipya, Bogue. Wenye maduka walihama, wengine wakakokota hata manyumba yao.

Tuone vizuri: udongo haukuharibika, mvua haikukoma. Mulimaji aliweza bado kupeleka ngano yake ku gare na kurudi. Lakini duka linafuata watu wanaopita, na watu wanapita pahali treni inasimama. Mashamba yalibaki, soko likahama.

4. Ukame na mashini

Kansas ya upande ule inapata mvua ya milimeta 500 na kidogo kwa mwaka. Ngano inaweza, lakini mwaka mumoja mubaya unatosha kuleta njaa. Katika miaka ya 1930 ukame ulikuwa mukali sana, upepo ukabeba udongo wa mashamba kama wingu jeusi. Bei nayo ilianguka. Watu wengi waliondoka.

Kisha ikaja trakta na mashini ya kuvuna. Ni kitu kizuri, lakini tuhesabu: kama jamaa moja inalima pahali jamaa 10 zilikuwa zinalima, zile 9 zinakwenda wapi? Zinakwenda mujini. Watoto wanapunguka, masomo yanafungwa. Posta ya Nicodemus ilifungwa mwaka 1953. Leo wakaaji hawafiki 20.

5. Kilichobaki

Je, kijiji kimekufa? Hapana. Tangu mwaka 1878 watu wake wanafanya sikukuu ya uhuru, na mpaka leo kila mwisho wa mwezi wa 7 wana na wajukuu wanarudi kutoka miji ya mbali, wanakula pamoja na kusali. Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliweka kijiji kile kuwa pahali pa historia panapolindwa. Jamaa zingine ziliendelea kulima udongo ule ule ambao babu zao walivunja na jembe.

Ndugu wanafunzi, wengi kati yetu ni watoto wa walimaji, na siku moja tutaulizwa kusaidia vijiji vyetu. Mutu akisema, "Tuleteeni mbegu nzuri," tumusikie. Lakini tumuulize pia: mavuno yatapita njia gani, na nani atakaa hapa kuyala? Watu wa Nicodemus walikuwa na udongo na nguvu na imani. Walikosa njia kilometa chache tu.