Fahamu: Kwa nini msaada wa Ebola ulikataliwa ng'ambo ya Bwera

Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo kuingia Uganda: mtoto wa miaka 5 alipokelewa hospitali ya Kagando, akafariki Bwera. Upande wa Uganda haikuenea. Huko Kongo, hasa Beni na Butembo, Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 kufikia 2020, ingawa chanjo ilikuwepo. Kilichokosekana ni imani. Raia ambao wenzao walichinjwa na waasi wa ADF kwa miaka mingi waliona msaada ukija na askari, kisha Desemba 2018 wakanyimwa kura kwa hoja ya Ebola na usalama. Ni kweli wahudumu walihitaji ulinzi: mmoja wao, Dkt. Richard Mouzoko, aliuawa Butembo Aprili 2019. Lakini bunduki haikumshawishi mama amtoe mgonjwa aliyemficha ndani. Hilo lilihitaji watu aliowafahamu.