Afya ya Mfanyakazi ni Akiba ya Familia

Mfanyakazi anapopatwa na maradhi makubwa, mwajiri hutafuta mtu wa kushika nafasi yake. Familia haina pa kumtafuta mwingine. Hivyo basi, suala la afya mahali pa kazi, ambalo wengi hulichukulia kuwa ni la mameneja na wakaguzi, ni suala la nyumbani kabla ya kuwa la ofisini.

Hebu tuanze na hesabu iliyo wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, humpa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili; siku 63 zinazofuata hulipwa nusu. Mtu aliyepatwa na kiharusi na kupooza upande mmoja aghalabu huhitaji miezi mingi kabla ya kuweza kutembea vizuri au kushika kalamu. Kwa hiyo mshahara hupungua wakati uleule ambapo matumizi yanaongezeka: nauli za kwenda kliniki, dawa, mazoezi ya viungo, na mtu wa kumhudumia mgonjwa mchana kutwa. Mtu huyo mara nyingi ni mke anayefunga biashara yake ndogo, au binti anayeacha masomo.

La kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya viharusi huzuilika. Chanzo chake kikuu ni shinikizo la juu la damu, ambalo mitaani tunaliita presha. Maradhi haya hayabishi hodi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi pasipo maumivu wala dalili yoyote, akienda kazini na kurudi, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikidhoofika kidogo kidogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui kuwa wanayo. Umri huo ndio hasa umri wa kulea watoto, kujenga nyumba na kulipa ada.

Kazi inavyoumba mwili

Uhusiano baina ya kazi na moyo ulithibitishwa kwa namna ya kuvutia mjini London. Baada ya Vita Kuu ya Pili, tabibu mmoja aitwaye Jerry Morris alijiuliza kwa nini maradhi ya moyo yalikuwa yakiongezeka. Akawachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji hilo. Katika kila basi walikuwamo watu wawili wanaolingana kwa mengi: walivaa sare ya shirika moja, walipita njia zilezile na kuvuta hewa ileile. Tofauti yao ilikuwa moja kubwa. Dereva aliketi karibu zamu yake yote, ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi, ngazi zipatazo 500 hadi 750 kwa siku.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1953. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kilichopungua karibu theluthi moja kuliko madereva, na waliougua miongoni mwao walielekea kuugua wakiwa na umri mkubwa zaidi. Wapo waliotia shaka, wakisema huenda watu wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo. Shaka hiyo haikuwa ya bure, kwani Morris mwenyewe alipochunguza vipimo vya sare aliona kuwa viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Lakini katika idara ya posta pia picha ilikuwa hiyohiyo: wasambaza barua waliotembea na kuendesha baiskeli walikuwa na mioyo yenye afya zaidi kuliko makarani na wapokea simu waliokaa vitini. Morris mwenyewe alishika sana mazoezi ya mwili, na alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Tukiutazama uchunguzi huo kwa macho ya hapa kwetu, tutawaona watu tunaowafahamu. Yupo dereva wa daladala anayeshika usukani tangu alfajiri. Yupo karani wa benki, fundi cherehani, mlinzi wa usiku, mwenye duka anayekaa nyuma ya kaunta hadi saa nne za usiku. Hawa wote wanachoka, na kwa sababu wanachoka hudhani wamefanya mazoezi. Uchovu wa kukaa si mazoezi. Moyo unahitaji mwendo, walau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, yaani nusu saa kwa siku tano.

Kuna pia suala la saa za kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa tathmini ya pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki anakabiliwa na hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, akilinganishwa na anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Sheria yetu ya Bara imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Mapumziko hayo ni haki, si hisani ya msimamizi.

Kipimo na hofu yake

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, na msimamizi wa sheria hiyo ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaojulikana zaidi kwa jina la OSHA. Zanzibar ina sheria zake. Hata hivyo, siku ya kupima inapofika, si ajabu kuwaona baadhi ya wafanyakazi wakitoweka. Wengine huomba ruhusa, wengine husema wako salama.

Tusiwacheke. Wanaogopa kwamba karatasi ya daktari itakuwa barua ya kufukuzwa kazi. Hofu hiyo ndiyo kizuizi kikubwa kuliko bei ya kipimo, na kuiondoa ni wajibu wa mwajiri. Majibu ya vipimo ni siri baina ya mfanyakazi na tabibu. Anachostahili kuambiwa mwajiri ni kama mtu huyo anafaa kwa kazi aliyonayo, au anahitaji kubadilishiwa zamu au majukumu. Mwajiri anayetangaza jambo hili waziwazi, na kulitekeleza, atawaona watu wake wakija kupimwa. Anayelifanya kipimo kuwa mtego atabaki na rejesta nzuri na wafanyakazi wanaougua kimyakimya.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mpimwaji apumzike dakika tano akiwa ameketi, mgongo ukiwa umeegemea na miguu ikiwa chini bila kukunjwa, mkono ukiwa usawa wa moyo. Katika nusu saa iliyotangulia asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Apimwe mara mbili. Kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, arudi siku nyingine kuthibitisha, kisha amwone tabibu. Kikifika 180 kwa 120, akapate ushauri wa tabibu bila kuchelewa. Na ikiwa pia ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida au haoni vizuri, apelekwe hospitali saa ileile. Na popote pale, kazini au nyumbani, mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hiyo ni dharura. Asipelekwe kulala kwanza.

Wasio na mwajiri

Msomaji atauliza: vipi kuhusu sisi tusio na meneja wala OSHA? Swali hilo ni la haki, kwani familia nyingi huishi kwa riziki ya dukani, sokoni, baharini na barabarani. Jibu liko katika umoja ambao tayari tunao. Waendesha bodaboda wana kijiwe na chama chao. Akina mama lishe na wauza samaki wana vikundi vya kuweka na kukopa. Kikundi kinaweza kuchanga na kununua mashine moja ya kupimia presha, ile ya kufungwa juu ya kiwiko, na kumwomba muuguzi wa zahanati iliyo jirani awafundishe kuitumia. Wakipimana mara moja kwa mwezi siku ya mkutano, na kila mtu akaandika namba zake katika daftari lake mwenyewe, watakuwa wamefanya sehemu muhimu ya kazi ya idara ya afya ya kampuni.

Kazi ya nyumbani

Nyumbani nako kuna sehemu yake. Mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, ambazo ni takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Samaki wa chumvi, achari na chumvi inayonyunyizwa juu ya chipsi hukimaliza kijiko hicho upesi. Chakula cha kubeba kutoka nyumbani, chenye maharage, mchicha na tunda, humwepusha mfanyakazi na chipsi na soda za kila siku, na humwokolea fedha pia.

Aliyeandikiwa dawa za presha asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa kuwa dawa zinafanya kazi. Na mwezi wa Ramadhani unapokaribia, mwenye presha au kisukari amwone tabibu wiki kadhaa kabla, ili apangiwe saa za dawa baina ya futari na daku, au aelezwe kama hali yake haimruhusu kufunga. Kubadili vipimo vya dawa kwa kubahatisha kumewaponza wengi.

Wazee wetu walisema kinga ni bora kuliko tiba. Leo tunaweza kuongeza kwamba kinga pia ni nafuu kuliko tiba, na wanaolipa tofauti ya bei ni mke, mume na watoto. Basi wiki hii, baba au mama anaporudi kutoka kazini na chakula kikiwa mezani, aulizwe kwa upole: mara ya mwisho ulipimwa presha lini, na ilikuwa ngapi? Kama hakumbuki, zahanati iliyo jirani itamjibu katika muda usiozidi robo saa.