Ni Nani Aliye Jikoni Mwetu?

Akina mama wapendwa, siku moja aliletwa kwenye zahanati yetu hapa Bukundi binti wa miaka 12. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka mjini, alikokuwa akifanya kazi za ndani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua kwa uji, na kidonda cha wiki 3 kilikuwa kimeanza kunuka. Tulipomwuliza kwa nini hakupelekwa kutibiwa, alijibu taratibu, "Mama alisema nimalize kazi kwanza." Mama huyo si mzazi wake, ni mwajiri wake. Binti alituambia kwamba hakosi ibada ya Jumapili.

Jibu hilo halikututoka moyoni. Wiki ile, katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, tulikuwa tumepanga kuzungumza habari za wanawake walioandika juu ya utumwa. Tuliwazungumzia wawili, na wote wawili wakaturudisha kwa binti yule.

Mama aliyefiwa

Wa kwanza ni Harriet Beecher Stowe wa Marekani, mke wa mwalimu wa dini na mama wa watoto 7. Mwaka 1849 kipindupindu kilimchukua mwanawe Charley, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 2. Baadaye mama huyo alieleza kwamba kando ya kaburi la mtoto wake ndipo alipotambua uchungu wa mama mtumwa anayenyang'anywa mtoto akauzwe.

Mwaka 1850 ilipitishwa sheria ya kuwalazimisha watu, hata wa majimbo yasiyo na utumwa, kusaidia kuwarudisha watumwa waliotoroka. Stowe akashika kalamu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1852, na katika mwaka wa kwanza ziliuzwa Marekani nakala zipatazo 300,000. Wengi waliodhani utumwa ni jambo la wanasiasa sasa waliuona kuwa ni jambo la mama na mtoto wake. Baada ya vita vikali, utumwa ulifutwa kisheria nchini humo mwaka 1865.

Binti wa Mtoni

Wa pili ni wa kwetu. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetekwa utotoni vitani, katika nchi ya mbali upande wa Bahari Nyeusi. Mwaka 1859 kipindupindu kilimwua mama huyo.

Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma tu, si kuandika. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu huko Hamburg, akamwachia watoto wadogo 3 ugenini. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake.

Tungetegemea kwamba mwanamke huyu, binti wa mtumwa na mjane aliyeonja dhiki, angeupinga utumwa. La hasha! Aliutetea. Aliandika kwamba watumwa wa Unguja walitunzwa vizuri, na kwamba Waafrika hawafanyi kazi wasipolazimishwa. Hatumtaji ili tumhukumu. Alilelewa na watu waliompikia na kumwogesha tangu utoto, na mazoea yakamziba macho.

Waliosahauliwa ndani

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 Sultani alitoa amri iliyowaruhusu watumwa kudai uhuru wao mbele ya mahakama. Lakini masuria hawakuhesabiwa, kwa kuwa walichukuliwa kama wake. Iliwabidi kungoja mpaka mwaka 1909. Huku bara, Tanganyika, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922.

Tuangalie vizuri, akina mama. Aliyeuzwa sokoni alionekana mapema. Aliyekuwa ndani ya nyumba alionekana mwisho.

Nyumbani kwetu

Msichana wa kazi si mtumwa. Ana haki ya kulipwa na haki ya kuondoka. Lakini je, asipolipwa, akala makombo, akanyimwa ruhusa ya kuwaona wazazi wake, tumwite nani? Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Hivyo binti yule hakupaswa kuwa jikoni mwa mtu, bali darasani.

Tujiulize basi. Msichana wetu ana umri gani? Mshahara wake tunampa mwenyewe, tena kwa wakati? Analala saa ngapi? Akiugua, anapelekwa zahanati siku ile ile kama mtoto wetu? Nasi tunaowatoa mabinti zetu kwenda mjini, je, tunajua nyumba wanayokwenda?

Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, aliomba apokewe kama ndugu mpendwa. Filemoni naye alikuwa mtu wa kanisa, tena waamini walikutana nyumbani kwake.

Mkono wa binti yule umepona, ila vidole viwili havikunjuki vizuri. Amerudi shule, na anajifunza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto.