Paka anayekojoa kitandani hajatumwa na mtu

Paka aliyekuwa mpole akianza kukojoa kitandani, kulia usiku au kumparura mtoto, nyumba nyingi humpa moja ya sifa mbili: mkorofi, au ametumwa. Akiwa mweusi, hilo la pili husemwa haraka zaidi. Kinachofuata ni fimbo, maji ya moto, au kutiwa kwenye kiroba na kwenda kutupwa mbali. Mara nyingi mnyama huyo ana msongo tu, na chanzo chake kimo humo humo ndani ya nyumba.

Chukua suala la kuhama. Chitete ni makao makuu ya Wilaya ya Momba, iliyomegwa kutoka Mbozi mwaka 2012. Mtumishi anayehamishiwa huko akitokea Tunduma au Vwawa hupakia godoro, vyombo na watoto. Paka naye hutiwa kwenye kiroba cha salfeti, mdomo ukafungwa kamba, akarushwa juu ya mizigo. Akifika anajibanza uvunguni siku tatu bila kula, au anatoroka na asionekane tena.

Paka huijua nyumba yake kwa harufu. Ule mtindo wa kusugua mashavu kwenye mlango na miguu ya meza ni kuacha alama ambayo sisi hatuinusi. Nyumba mpya haina hata alama moja, kwa hiyo kwake ni nyumba ya maadui. Msafirishe kwenye tenga au boksi lenye matundu, ndani uweke kitambaa anacholalia bila kukifua. Mkifika, mfungieni chumba kimoja chenye chakula, maji na beseni la mchanga mpaka aanze kula vizuri, ndipo azoee vyumba vingine. Kutoka nje kusubiri wiki mbili au tatu.

Chanzo kingine, na wazazi hatupendi kukisikia, ni watoto wetu. Mtoto wa miaka mitatu humwona paka kama mwanasesere: anamvuta mkia, anamwamsha usingizini, anambana kifuani. Paka hutoa onyo kwanza. Masikio yanalala nyuma, mboni za macho zinatanuka, mkia unapigapiga huku na huku. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa mkia wa mbwa ukicheza mara nyingi ni furaha. Wa paka ukipigapiga ni "niache". Asiposikilizwa, anatumia kucha.

Mfundishe mtoto kukaa chini na kumsubiri paka aje mwenyewe. Ampapase mashavuni na chini ya kidevu, tumbo aliache. Anayekula au aliyelala haguswi. Na paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia, juu ya kabati au juu ya magunia ya mahindi, ambapo mikono midogo haifiki. Sabufa ikifunguliwa hadi mwisho sebuleni, mwacheni aondoke. Masikio yake ni makali kuliko yetu.

Kuna wanaomshindisha paka njaa kwa hoja kwamba akishiba hatakamata panya. Si kweli. Paka aliyeshiba huwinda pia, ni tabia yake ya kuzaliwa. Ugali mtupu haumtoshi. Lazima apate nyama au dagaa, la sivyo macho na moyo huharibika baada ya muda.

Kuhusu mkojo, anza na beseni. Mchanga mchafu, au beseni lililowekwa jirani na chakula, humfanya atafute pengine, na godoro ni laini. Lakini dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia na hatoi kitu, huenda njia ya mkojo imeziba. Msongo huchangia ugonjwa huo, na unaweza kumuua ndani ya siku chache. Mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Usimpe panado: hata nusu kidonge inaweza kumuua paka.

Kilio cha usiku nacho kina maelezo. Jike anayelia kwa sauti nzito na kugaragara sakafuni siku kadhaa, akanyamaza, kisha akarudia baada ya wiki mbili au tatu, anatafuta dume. Dawa yake ni kufungwa kizazi na daktari wa mifugo. Dume anayezurura na kupigana usiku, vivyo hivyo.

Lipo jambo moja lisilosubiri kuchunguza msongo. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Paka akimng'ata au kumparura mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikiwahiwa, huzuia. Paka aliyebadilika ghafla, anayeshambulia bila kuchokozwa, anatokwa mate au kuyumba, msimguse. Toeni taarifa kwa afisa mifugo. Na siku mbwa wa mtaani kwenu wanapochanjwa, mpelekeni paka naye, mwenye miezi mitatu na zaidi, ndani ya tenga lile lile la safari.